Mwanangu, kuhusu pesa za kumlea mtoto

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Nakuru. Sisi ni wazima, mvua imeanza na matope ya Kaptembwo yamerudi mlangoni.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema yule mama anayeshinda na mtoto mchana analipwa 4,500 kwa mwezi, na mama mtoto anataka wewe utoe 3,000. Unaniuliza kwa nini msitoe nusu kwa nusu, 2,250 kila mmoja, ikiwa sheria inasema wazazi ni sawa.

Sheria inasema hivyo kweli. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Lakini mahakama ya watoto ikikata shauri la matunzo huangalia pia kila mzazi anapata nini. Wewe unapata 36,000, yeye 18,000 pale dukani Kibuye. Kipato chako ni mara mbili ya chake. Gawa 4,500 kwa kipimo hicho: wewe 3,000, yeye 1,500. Hajakuonea. Amepiga hesabu, na mimi naiona ya haki.

Halafu kuna kazi ambayo hailipwi na mtu. Yule mama anayeshinda na mtoto hufunga saa kumi na mbili jioni. Nani hukimbia kutoka Kibuye hadi Nyalenda kumchukua mtoto kabla ya saa hiyo? Mtoto akishikwa na homa, nani hukosa kazi na kukatwa siku yake? Nilipokuja mwezi wa nne nilimkuta mama mtoto saa nane usiku akimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji, na sare yake ya kazi ameshaitundika mlangoni. Hayo hukuyatia kwenye hesabu yako.

Umeandika pia kwamba wiki mbili hujamwona mtoto, kwa hiyo utazuia pesa kwanza. Usithubutu, baba. Kumwona mtoto ni haki yako na tutaizungumza, lakini tumbo lake halingoji tumalize mazungumzo.

Unakumbuka ukiwa darasa la tano nilikutuma kwa baba yako ukaombe karo? Nilidhani akikuona atalainika. Ulisimama langoni kazini kwake tangu saa nne mpaka saa tisa. Ukarudi, ukavua kiatu, ukatoa shilingi 200 ndani ya soksi, ukazinyoosha juu ya meza bila kusema neno. Deni lilikuwa letu, mimi na baba yako, nikakubebesha wewe. Nilikosea, mwanangu, na sijawahi kukuambia mpaka leo. Mjukuu wangu asije akasimama kwenye lango la mtu.

Basi chagueni tarehe moja, tuseme tarehe 5, na utume kwa M-Pesa ili kila mtu abaki na ujumbe wake. Ukiona mwezi utakuwa mgumu, mwambie kabla ya tarehe hiyo, si baada ya yeye kuanza kupiga simu. Hospitali na sare za shule za Januari ndizo huleta kelele, kwa hiyo kubalianeni sasa kwamba nazo zitagawanywa kwa kipimo kilekile. Andikeni, mtie sahihi. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua makubaliano ya wazazi kuhusu malezi. Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa afisa wa watoto kabla hamjaanza kutafuta mawakili.

Jumamosi napanda matatu ya asubuhi nije Kisumu. Nimeshampigia mama mtoto na amekubali tuketi kwake saa nane. Njoo na karatasi yako ya mshahara, naye atatoa yake. Na umletee mtoto viatu. Vile alivyovaa mwezi wa nne vilikuwa vinambana vidole.

Mama yako.