Wakishinda, wangeshinda au wangalishinda?

SWALI: Mimi na wenzangu ni wapenzi wa mbio za magari ya langalanga (Formula One), na kwa sasa hatuna mazungumzo mengine ila kanuni mpya za injini za msimu wa 2026. Juzi niliandika hivi katika kundi letu la WhatsApp: "Kama Mercedes wangeielewa injini mpya mapema kama walivyofanya mwaka 2014, watachukua ubingwa, na Renault wakibaki wangewasumbua." Mwenzangu mmoja akaniambia kwamba nimechanganya nyakati. Kosa liko wapi? Tena, niseme "huenda watashinda" au "huenda wakashinda"?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Mwenzako amesema kweli, na kosa limeingia mahali pawili kwa sababu mbili tofauti.

Habari ya Mercedes bado haijulikani. Msimu unafunguliwa Melbourne mwezi Machi, na kabla ya hapo hakuna ajuaye nani ameielewa injini na nani amepotea njia. Jambo lililo wazi namna hiyo huchukua -ki-, na kishazi kinachofuata huchukua -ta-: "Mercedes wakiielewa injini mpya mapema, watachukua ubingwa." Ukianza na -nge- huna budi kuendelea na -nge-, yaani "wangeielewa, wangechukua", lakini hapo msomaji ataelewa kwamba wewe mwenyewe huamini kuwa wataielewa. Sidhani kama ndivyo ulivyokusudia. Mwaka 2014, injini za silinda nane zilipoondolewa na zile za silinda sita zenye umeme na turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi) zikaingia, Mercedes walishinda mbio 16 kati ya 19; mtu anayeukumbusha mwaka huo anatabiri, hatamani tu.

Renault ni habari nyingine. Mwaka 2024 waliamua kuacha kutengeneza injini za langalanga baada ya msimu wa 2025, na hata timu yao wenyewe, Alpine, sasa inatumia injini za Mercedes. Kwa hiyo "wakibaki" haiwezekani, kwani hawakubaki. Hapa vitabu vya sarufi vitakuambia uchague -ngali-, kwa kuwa uamuzi umekwisha kupita: "Renault wangalibaki, wangaliwasumbua." Mimi, kabla ya msimu kuanza, ningeandika "Renault wangebaki, wangewasumbua", kwa sababu huo usumbufu wenyewe ungetokea katika mbio ambazo bado hazijakimbiwa, na -ngali- ningeiweka akiba hadi Desemba, msimu utakapokuwa umefungwa na hakuna tena la kubadilika. Najua kwamba wasemaji wengi siku hizi hutumia -nge- kwa yote mawili, na wengine husema -ngeli-; siwalaumu, ila katika maandishi tofauti hiyo ina faida na ni hasara kuiacha ife. Ambalo halikubaliki ni kuunganisha -ki- na -nge- katika sentensi moja ya masharti kama ulivyofanya.

Isidhaniwe kwamba -nge- haina kazi kabla ya msimu. Linganisha sentensi hizi: "Cadillac wakishinda Melbourne, nitashangaa" na "Cadillac wangeshinda Melbourne, ningeshangaa." Timu ni ileile, ngeni kabisa katika mashindano haya na yenye kutumia injini ya Ferrari. Msemaji wa kwanza anaiachia nafasi, hata kama ni ndogo. Wa pili amekwisha kuifuta. Vilevile -nge- ndiyo inayofaa kwa jambo ambalo kanuni zenyewe zimelizuia. Kanuni mpya zimekiondoa kile kifaa kilichokuwa kikizalisha umeme kutokana na joto la moshi wa injini, ambacho pia kiliizungusha turbo isilale. Basi tunaandika: "Kifaa hicho kingebakizwa, madereva wasingehangaika kuiamsha turbo wakati wa kuondoka." Wengine, hasa Kenya, watasema "hawangehangaika", na hilo nalo ni sahihi.

Mnapoeleza jinsi injini inavyofanya kazi, tumieni -ki- pamoja na hu-. Nguvu ya mota ya umeme imepanda kutoka kilowati 120 hadi 350, karibu nusu ya nguvu yote ya gari, kwa hiyo mjadala mkubwa ni kuhusu chaji ya betri. "Chaji ikiisha kabla ya kona, gari hupungua kasi" ni kanuni ya kila mara. "Chaji ingeisha" ingemaanisha kwamba kuna kitu kinachoizuia isiishe. Kinyume cha -ki- ni -sipo-: "dereva asipoweka akiba ya umeme, hupitwa kirahisi."

Kuhusu "huenda", zote mbili husikika, nami napendelea "huenda wakashinda", kwa kuwa -ka- baada ya "huenda" ndiyo mazoea ya siku nyingi, na -ta- inaleta uhakika ambao "huenda" imekwisha kuukana. Semeni "huenda Audi wakahitaji mwaka mmoja au miwili", maana hao ndio kwanza wanaingia na injini yao wenyewe. Msiseme "huenda kwamba", wala msiongeze "labda" juu yake. Shaka moja inatosha kwa sentensi moja.