Rangi ya Kiini Isikupumbaze

Wengi wanaoanza kufuga kuku wa mayai huuliza kwanza habari ya rangi: kuku ale nini ili kiini kikolee? Jibu lake ni jepesi. Mahindi ya njano na majani mabichi yana karotenoidi, yaani rangi za asili za mimea, na hizo ndizo zinazopaka kiini. Ukilisha mahindi meupe au mtama, kiini hupauka, lakini protini ya yai ni ileile. Rangi hata dukani inauzwa, imo kwenye mfuko wa chakula.

Afadhali ujiulize kipi ndani ya yai hufuata chakula na kipi hakifuati. Protini haiyumbi sana. Kuku akipungukiwa nayo hutaga mayai machache au madogo, ila lile analotaga hulikamilisha. Kolesteroli nayo ni sugu. Akija mtu kukuuzia chakula cha kuifuta, mwache apite.

Mafuta ndiyo yanayogeuka. Mafuta anayokula kuku hujionyesha kwenye kiini: mbegu za kitani huongeza omega-3, kundi la mafuta yanayofaa mwili, na mafuta ya samaki huongeza DHA, aina mojawapo ya omega-3. Hapa ndipo wageni huteleza kwa pupa. Samaki akizidi kwenye mchanganyiko, yai hunuka shombo, na mteja hatakwambia, atahama tu. Tena mafuta ya namna hii huchacha upesi, kwa hiyo yaambatane na vitamini E ya kutosha. Mashudu ya pamba nayo yaangalie: gosipoli, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbegu za pamba, huweza kukipa kiini rangi ya kijani chafu, hasa mayai yakikaa ghalani.

Vitamini A, D, E na B12, pamoja na iodini na seleniamu, hupanda na kushuka kulingana na lishe. Vitamini D kuku hujitengenezea pia akipigwa na jua.

Ukibadili chakula, usihukumu siku ya tatu. Kiini hukua kwa kasi kwa siku 10 hivi kabla ya yai kutagwa, kwa hiyo subiri wiki mbili au tatu, na ubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kalsiamu tafuta habari zake kwenye ganda. Ganda moja hubeba takriban gramu 2, na sehemu kubwa hujengwa usiku. Basi jioni wape chokaa ya chembechembe au magamba ya chaza yaliyopondwa: chembe hukaa kwenye firigisi zikiyeyuka polepole, ilhali unga laini hupita haraka.