Mmehamia mji mpya? Usimfanye mwenzako awe mji mzima

Tulipohamia mji huu ndoa yetu ilikuwa na miezi minne. Mume wangu alikuwa amepata kazi, mimi nilikuwa nimeacha yangu. Tukiongea na ndugu tulisema "tunahama", tukidhani ni safari moja. Kumbe zilikuwa mbili. Yeye alihamia kazini: siku ya kwanza tu alikuta meza yake, mkuu wake, watu wa kumwonyesha hiki na kile na wa kumwuliza katokea wapi. Mimi nilihamia kwenye vyumba viwili vyenye dirisha la jikoni linalotazamana na ukuta wa jirani.

Vijana waliooana karibuni wakijua tunaishi mbali na kwetu huniuliza tulianzaje, na karibu wote huanza na kodi, vyombo na usafiri. Nitayagusa hayo. Lakini yaliyotaka kututenganisha hayakuwa kwenye kodi, kwa hiyo nianze na yenyewe.

Mwezi wetu wa tatu huku, jioni moja, nasikia ufunguo ukizunguka kwenye kitasa. Nilikuwa nimeusubiri mlio ule tangu saa tisa alasiri. Kabla hajamaliza kuvua viatu nimeshaanza: fundi bomba hakuja, mama kapiga simu, jirani wa juu anaburuta viti, na yule mbwa kabweka mchana kutwa. Alibaki ameinama, kiatu kimoja mkononi kingine mguuni, ananitazama. Akasema kwa sauti ya chini, "Mpenzi, nimeongea na watu tangu asubuhi. Naomba nikae kidogo tu." Mimi nilikuwa sijaongea na mtu tangu asubuhi. Nililia usiku ule, na yeye hakulala.

Nimelifikiria tukio lile mara nyingi, na bado sioni wa kumlaumu. Wote wawili tulisema kweli. Kule tulikotoka maneno yangu ya siku nzima yaligawanyika kwa watu kama kumi hivi: dada yangu, wenzangu wa kazini, mama wa jirani, mwanamke niliyesafiri naye kila asubuhi hata jina lake kamili silijui. Kila mmoja alipokea kidogo. Huku mzigo wa watu kumi nilikuwa namtwika mtu mmoja, tena saa ambayo amechoka kuliko saa zote.

Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya mabadiliko 43 ya maisha, kila moja likiwa na alama kulingana na uzito wake. Yamo mabaya na mazuri. Kufiwa na mwenzi kunaongoza kwa alama 100. Kuoa au kuolewa kuna 50. Mwenzi kuanza au kuacha kazi ni 26, hali ya maisha kubadilika ni 25, kuhama makazi ni 20, mabadiliko katika kukutana na watu ni 18. Nilijumlisha yetu nikapata 139, na yote yalitupata ndani ya nusu mwaka. Orodha ile haiwezi kusema nini kitampata mtu fulani, lakini ilinipunguzia aibu. Nilikuwa nikijiona mtu dhaifu, wakati nilikuwa mtu aliyebeba mengi kwa mara moja. Na mume wangu alikuwa amebeba mengi vilevile, pamoja na kazi ngeni juu yake.

Tukafanya makubaliano ambayo tunayashika hadi leo. Akiingia, anaoga, anakaa kimya anavyotaka, simsemeshi. Halafu tunakaa dakika ishirini, simu zimefunikwa mezani, na yeye ndiye anayeanza kuongea. Hilo la yeye kuanza lilikuwa wazo lake, na ndilo lililonisaidia zaidi. Alinichorea kwenye karatasi ofisi yao: nani anakaa wapi, nani anafungua dirisha na nani analifunga, nani amepata mtoto. Taratibu nikawa nawajua watu wale kwa majina. Siku nilipokutana nao sikuwa mgeni kabisa.

Hapo naomba niongee na wewe uliyepata kazi mkahama kwa ajili yake. Mwenzako ameacha watu wake akufuate. Usisubiri azoee ndipo umtambulishe kwa wenzako, mtambulishe ili azoee. Na akikupigia mchana bila jambo la maana, hiyo sauti yako ndiyo jambo lenyewe. Kama huwezi kupokea, mwandikie mstari mmoja kwamba utapiga saa fulani, kisha upige saa hiyo.

Nawe uliyefuata, makubaliano ya jioni hayatoshi. Lazima upate watu wako, na hilo hakuna wa kukufanyia. Mimi nilianza vibaya. Kila wiki nilikwenda mahali tofauti, mara moja, nikarudi nikisema watu wa mji huu wamejifunga. Hawakuwa wamejifunga. Mimi sikuwa nimewapa nafasi ya kunizoea.

Jeffrey Hall, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, alichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu muda ambao urafiki huchukua. Alikadiria kwamba watu waliofahamiana tu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili wawe marafiki wa kawaida, kama saa 90 kufika kwenye urafiki wenyewe, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Fanya hesabu. Ukikutana na mtu saa mbili kwa wiki, saa 50 ni wiki 25, yaani karibu nusu mwaka. Mimi nilikuwa nakata tamaa baada ya saa mbili.

Nikachagua kitu kimoja, siku moja, saa ileile: Jumamosi asubuhi, maktaba ya mtaa, kuwasomea watoto hadithi kwa kujitolea. Wiki ya kwanza niliongea na watoto tu. Wiki ya nne bado nilikuwa "yule dada mgeni". Wiki ya nane mama mmoja, ambaye mwanawe alipenda kunikalia magotini, aliniomba nimshikie mtoto akajibu simu nje. Aliporudi tukabaki tunaongea mlangoni hadi mlinzi akaja kufunga. Nilitembea kurudi nyumbani kwa miguu ili nisiimalize furaha ile haraka. Jioni yake, mume wangu alipovua viatu, nilikuwa na habari ya kumpa ambayo haikuwa lalamiko.

Kazi niliipata kupitia mtu wa palepale maktaba, tena siyo yule rafiki yangu. Ni mzazi niliyekuwa nikimsalimu tu. Baadaye niliona kwamba si jambo la ajabu: mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika kwamba, kati ya watu aliowahoji waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, takriban 17 tu katika kila 100 walikuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walimwona kwa nadra au mara mojamoja. Mtu wako wa karibu anajua mnayoyajua wote. Wa mbali anajua asilolijua mwenzako. Kwa hiyo salamu za ngazini, za kituoni na za dukani usizione ndogo.

Sasa pesa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi wanaona haya kulisema. Nilikuwa nimezoea mshahara wangu tangu nilipomaliza masomo. Huku nikajikuta nimesimama mlangoni, mkoba begani, namwomba mume wangu nauli huku yeye anatafuta pochi na amechelewa. Hakuwa ananinyima. Hakuwahi hata kuniuliza ya nini. Lakini kuomba kwenyewe kulinipunguza, na nikaanza kubaki ndani siku ambazo ningetoka, ili tu nisiombe. Naye hakujua. Alidhani nimechagua kupumzika.

Nilipomwambia alinyamaza muda mrefu. Tukakubaliana hivi: siku ya mshahara tunakaa pamoja, tunatoa kodi, chakula, bili na akiba. Kinachobaki, hata kiwe kidogo namna gani, tunakigawa sawa kwa sawa, na hakuna anayemdai mwenzake hesabu ya fungu lake. Usawa huo una maana kuliko kiasi. Fungu langu la mwezi wa kwanza lilikuwa dogo sana, lakini nilitoka nalo.

Akiba nayo isisahauliwe. Wengi hukusanya pesa ya kuhamia wakasahau ya kuishi. Ukishalipa amana, kodi ya mwanzo na kubeba mizigo, kuna vitu vidogo visivyo na mwisho: pazia, ndoo, taa, ufunguo wa akiba. Kama mnaweza, fikeni na gharama za miezi mitatu mkononi, na msinunue samani kubwa mpaka mmekaa humo mwezi. Kitanda na kitu cha kupikia vinatosha kuanzia.

Kuhusu nyumba, kosa letu lilikuwa kuiona Jumapili mchana. Barabara nyeupe, mtaa kimya. Tukapima muda wa kwenda kazini tukaona nusu saa. Jumatatu ikawa saa moja na nusu. Saa moja ya ziada kwenda na nyingine kurudi ni saa kumi kwa wiki ya siku tano. Kwa wiki 48 za kazi ni saa 480, sawa na siku 20 kamili, usiku na mchana. Kodi tuliyookoa kwa kukaa mbali tuliilipa kwa siku hizo. Nendeni mkaione siku ya kazi, saa ileile mtakayotoka. Rudini usiku. Ikinyesha mvua, rudini tena. Fungueni bomba zote kwa pamoja muone nguvu ya maji. Kwenye mkataba tafuteni mambo matatu kabla ya sahihi: nani anatengeneza kikiharibika, notisi ni ya muda gani, na amana inarudi kwa masharti yapi. Siku ya kuingia pigeni picha za kuta, sakafu na mabomba. Mwenye nyumba wetu wa kwanza alitudai nyufa tulizozikuta, na hatukuwa na cha kumwonyesha.

Na wiki ya kwanza, kabla ya kutafuta sehemu za matembezi, tafuteni hospitali. Usiku mmoja mume wangu alipandwa na homa akawa anatetemeka hadi kitanda kinagonga ukuta. Nilisimama barabarani saa nane za usiku sijui nielekee kulia au kushoto. Jirani wa juu, yule niliyemlalamikia kwa kuburuta viti, ndiye aliyetupeleka. Hatukuwa tumewahi kumsalimu. Hodi ya jirani isingoje siku ya shida, nendeni mapema mkajitambulishe.

Jambo la mwisho ni neno "turudi". Kwetu liligeuka silaha. Kila ugomvi, hata wa vyombo, uliishia "basi turudi". Ukilisema mara nyingi mwenzako anaanza kuishi kama mtu aliyefunga mizigo, na mtu aliyefunga mizigo hapandi kitu. Tukaweka tarehe: tutimize mwaka mmoja ndipo tukae tuamue kwa utulivu. Tuliiandika ndani ya mlango wa kabati. Kabla ya hapo yeyote aruhusiwe kusema "nimekumbuka nyumbani", ila asitishie kurudi.

Tarehe ilipofika nilikuwa nimejiandaa kumwambia nataka kubaki. Nilidhani nitamfurahisha. Yeye ndiye aliyesema anataka kurudi. Akaniambia mwaka mzima hajacheka na mtu nje ya mlango wetu. Wale watu wa kwenye mchoro, ambao mimi niliwahesabu kuwa ndio mji wake, walikuwa wakiongea naye kazi, na saa ya kutoka kila mmoja alikwenda kwake. Muda wote nilikuwa nikimwonea wivu wa kitu ambacho hakuwa nacho. Mimi nilikuwa nimepata watu wengine, na yeye alikuwa bado ana mimi peke yangu.

Sikujua la kusema. Nilimshika mkono tukakaa hivyo hadi giza likaingia, hatukuwasha taa. Kisha nikamwuliza swali ambalo ningepaswa kumwuliza mwezi wa kwanza: kule kwetu, nje ya kazi, ulikuwa unafurahia kufanya nini na nani? Akataja mpira wa jioni. Tulitafuta kiwanja wiki ileile, tukakipata dakika kumi kwa miguu, na vijana wanaocheza kila Jumatano. Wiki za mwanzo alikaa benchi, nami nilimkumbusha saa 50.

Tarehe kwenye mlango wa kabati tumeifuta tukaandika nyingine, mwaka mmoja mbele. Siku za Jumatano simsubiri kula.