Maswali yenu: asetati ya risasi

Mwalimu wa kemia anasema asetati ya risasi ni tamu. Sumu inakuwaje tamu?

Ulimi hauna kazi ya kupima sumu. Chumvi hii ya kemia, inayotokana na metali ya risasi na asidi ya siki, ni tamu kweli, ndiyo maana zamani iliitwa sukari ya risasi. Warumi walichemsha maji ya zabibu kwenye vyombo vya risasi mpaka yawe mazito. Asidi ikala chombo, risasi ikaingia kwenye sharubati, nao wakaitia kwenye divai na vyakula. Na kabla hujauliza: hapana, usionje hata chembe.

Nitaitambuaje kwenye chupa isiyo na lebo?

Kwa macho huwezi. Ni fuwele nyeupe, pengine zenye harufu hafifu ya siki. Iache chupa ilivyo, umwite anayesimamia maabara.

Imenimwagikia mkononi. Je, ndiyo basi tena?

Tulia. Ngozi isiyo na jeraha huipitisha kidogo sana. Nawa kwa sabuni na maji mengi, usugue hadi chini ya kucha, kabla hujashika chakula au sigara. Njia kubwa ya sumu hii ni mdomo, kisha vumbi linalovutwa puani. Kwa hiyo iliyomwagika usiifagie kavu, ifute kwa kitambaa kilicholowa. Aliyeimeza asijitapishe. Awahi hospitali, na jina la kemikali aende nalo.

Nimefanya kazi na chumvi za risasi kwa miaka. Nikiacha, mwili utajisafisha?

Damu itajisafisha, mifupa haina haraka hiyo. Ukiacha kuipokea, risasi iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja. Lakini mwili huichukulia kama kalsiamu na kuiweka mifupani, ambako hukaa miaka kwa makumi. Mama akipata ujauzito, mifupa ikitoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, risasi nayo hutoka na kuvuka kondo. Mtoto ndiye wa kuhofiwa zaidi: utumbo wake hunyonya risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima, na ubongo ukidhurika haurudi ulivyokuwa.

Usingoje dalili. Tumbo kusokota, choo kigumu, upungufu wa damu, ganzi ya mikono, yote hayo yanaweza kuchelewa au yakadhaniwa ni maradhi mengine. Pima damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na likataka chanzo kitafutwe kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita ya damu. Maziwa hayaitoi, msidanganyane. Dawa za kuikamata risasi zipo, ila ni za daktari, baada ya vipimo.

Kwa nini inasemwa ni mbaya kuliko salfidi ya risasi, na zote ni risasi?

Tofauti ni kuyeyuka. Salfidi, yaani risasi iliyoungana na salfa, ni nyeusi na karibu haiyeyuki kwenye maji. Asetati huyeyuka zaidi ya gramu 40 katika mililita 100 za maji yasiyo moto, hivyo ikifika tumboni risasi iko tayari kunyonywa. Maabara huutumia uhusiano huohuo: karatasi iliyochovywa asetati hugeuka nyeusi ikikutana na gesi inayonuka yai viza, kwa kuwa salfidi imeundwa papo hapo.

Mabaki niyamwage kwenye sinki?

Hapana. Yakusanye kwenye chombo cha taka za metali nzito, chenye kifuniko na lebo. Wala usiyachemshe: maji yataondoka kama mvuke, risasi itabaki imekolea zaidi.