Nimeshonwa mlango wa kizazi, naambiwa napingana na kadari

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, Sheikh. Mimi ni mama wa Tanga, nina miaka 29. Mimba zangu mbili zilitoka zikiwa na miezi mitano, bila uchungu wa maana: nilihisi mgongo mzito, chupa ikapasuka, mtoto akatoka. Hii ni ya tatu. Hospitali wameniambia mlango wangu wa kizazi unafunguka kabla ya wakati, nikashonwa nikiwa na wiki 13, sasa nina wiki 20. Aliyenishona ni daktari mwanamume. Mavyaa wangu anasema kushonwa ni kukosa tawakali, mtoto aliyeandikiwa kuishi haanguki, na anataka nivae kiunoni uzi uliosomewa wa kufunga mimba. Daktari amenikataza kazi nzito na tendo la ndoa. Mume wangu amekubali, lakini namwona alivyo, nami naogopa ile hadithi ya malaika kumlaani mke anayemkataa mumewe kitandani. Naswali nimekaa. Ramadhani inakuja, sijui nifunge au nile. Na wale wanangu wawili walizikwa na wazee upesi upesi, hawakupewa jina. Usiku huwa nasema labda Mwenyezi Mungu ameona sifai kuwa mama. Nisaidie, Sheikh.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh, mwanangu.

Nitaanza na hilo unalolisema usiku, maana mengine yote yanaweza kungoja. Katika Surat Ar-Ra'd, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anasema kwamba Yeye anajua anachobeba kila mwanamke, na kinachopungua katika matumbo ya uzazi na kinachozidi, na kila kitu kwake kiko kwa kipimo. Miongoni mwa maelezo yaliyopokewa kutoka kwa wafasiri wa mwanzo ni kwamba huko kupungua kunaingia mimba inayotoka kabla haijatimia. Mimba zako zile mbili zimo ndani ya aya hiyo. Zimetajwa katika ujuzi wa Mola wako na kipimo chake, na hakuna hata neno moja la kumlaumu aliyezibeba. Sijui aya wala hadithi sahihi inayosema mlango wa kizazi uliolegea ni alama ya mja aliyekataliwa. Huo ni udhaifu wa kiungo, na wenye viungo dhaifu wamekuwamo wacha Mungu wa kila zama.

Tena usome Surat Maryam, kuanzia aya ya 22, taratibu. Bibi Maryam, aliyeteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu, uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende akasema, laiti ningekufa kabla ya haya. Hakukemewa kwa neno hilo. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, kisha akaamrishwa alitikise shina la mtende limwangushie tende mbivu. Mwanamke aliye katika uchungu ana nguvu gani ya kutikisa mtende? Aliyeziangusha tende ni Mwenyezi Mungu, lakini alitaka mkono wa Maryam uwe juu ya shina. Hapo ndipo lilipo jibu la mshono wako.

Neno la mavyaa wako lilikwishasemwa na mtu mkubwa zaidi, kwa hiyo usimfikirie vibaya. Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Sham, yaani Syria na nchi jirani zake, akafika mahali paitwapo Sargh, akapewa habari kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda bin al-Jarrah, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu: laiti angelisema hayo mwingine, ewe Abu Ubayda! Ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisa hiki wamekipokea Bukhari na Muslim, na mwisho wake alikuja Abdurrahman bin Awf na hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, inayowakataza watu kuingia nchi yenye tauni. Umar akamshukuru Mola wake, akageuka njia.

Kwa hiyo mavyaa wako anasema kweli kwamba mtoto aliyeandikiwa kuishi haanguki. Lakini ni nani aliyemwambia kwamba huo mshono sio sababu ambayo kwayo mtoto huyu ameandikiwa kuishi? Mtume amesema, tibianeni enyi waja wa Mwenyezi Mungu, kwani Hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa, isipokuwa mmoja, uzee. Wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Na katika mapokezi ya Ibn Mas'ud yaliyomo kwa Imam Ahmad imeongezwa kwamba dawa hiyo ameijua aliyeijua na hakuijua asiyeijua. Bibi zetu waliopoteza mimba tano, sita, dawa ya aina hii haikuwafikia. Daktari Shirodkar wa Bombay aliieleza njia yake ya kushona mwaka 1955, na McDonald wa Melbourne akaeleza yake, iliyo nyepesi zaidi, mwaka 1957. Uzi unazungushwa kwenye shingo ya kizazi, unakazwa, unakaa hadi wiki ya 36 au 37, kisha unakatwa ili mtoto apite. Haumuumbi mtoto wala haumwongezei umri. Unashikilia mlango tu, na mlango huo Mwenye nao ni Yeye.

Uzi wa kiunoni ni jambo jingine. Kusomewa Qur'ani, kuombewa dua, wewe mwenyewe kuweka mkono juu ya tumbo na kusoma Al-Fatiha na zile sura tatu za mwisho, hayo ni mema na yana asili. Lakini kufunga uzi na kuitakidi kwamba uzi huo ndio unaoizuia mimba kutoka, Mtume amelionya vikali katika hadithi za hirizi. Mwambie mavyaa wako kwa upole, tena ikiwezekana mume wako ndiye amwambie: mama, badala ya uzi tuombee. Hilo atalipenda, na dua ya mzazi haidharauliwi.

Kuhusu daktari mwanamume, iwapo hakupatikana daktari mwanamke mwenye ujuzi huo, huna dhambi yoyote. Haja ya tiba inahalalisha kutazama na kugusa pale panapohitajika, kwa kadiri inavyohitajika, awepo mumeo au muuguzi chumbani. Siku ya kuutoa uzi, uliza mapema kama yupo daktari mwanamke. Akikosekana, usiahirishe.

Sasa mume wako. Hadithi ya mke anayeitwa kitandani akakataa ni sahihi, na Imam Nawawi alipoisherehesha alisema ni dalili ya uharamu wa kukataa bila udhuru wa kisheria. Wewe unao udhuru, tena wa roho ya mtoto. Liko jambo katika Sahihi ya Muslim ambalo watu hawalitaji sana. Judama binti Wahb amesimulia kwamba Mtume alikusudia kuikataza ghila, nayo kama Imam Malik na wengine walivyoieleza ni mume kumwingilia mke anayenyonyesha, na wapo waliosema ni mke mjamzito anayenyonyesha. Kisha akatazama, akaona Warumi na Wafursi, yaani Waajemi, wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, akaacha kukataza. Nimelileta hili kwa sababu linaonyesha alivyokuwa akipima: anauliza kama mtoto anadhurika, na anatazama yanayojulikana na watu. Mjuzi wa leo akikwambia kwa hali yako wewe kuna hatari, basi asili ni ile ile, na Mtume amesema hakuna kudhuru wala kulipiza madhara.

Na wewe mume, mkeo akikusomea barua hii: kukubali kwako ni kwema, basi ukubali na kwa uso wako. Anayabeba haya kwa udhaifu juu ya udhaifu, kama ilivyosema Qur'ani katika Surat Luqman. Mtume alikuwa akikaa na wake zake wakiwa katika hedhi, akilala nao shuka moja, bila lile tendo. Mkae hivyo, na mipaka ya ukaribu wenu muulizeni daktari pamoja, msione haya. Ndoo za maji na mizigo ya sokoni ni zako mpaka ajifungue.

Swala yako ya kukaa ni sahihi ikiwa daktari ndiye aliyekuzuia kusimama au kuinama. Imran bin Husayn alikuwa na bawasiri akamuuliza Mtume, akaambiwa: swali umesimama, usipoweza swali umekaa, usipoweza swali ubavuni. Imo katika Bukhari. Ila naomba umuulize daktari wako wazi wazi: naweza kusimama kwa muda wa rakaa nne? Naweza kusujudu? Wengi wakishashonwa hujilaza kitandani miezi mizima kwa hofu, na madaktari wa sasa hawamwagizi kila aliyeshonwa kulala hivyo, kwani kulala sana nako kunaleta damu kuganda miguuni. Akikuruhusu kusimama, kusimama katika faradhi kunarudi kuwa wajibu kwako. Akikukataza, kaa kwenye kiti, rukuu kwa kuinamisha kichwa, na sijida iwe chini kidogo kuliko rukuu. Thawabu hazijapungua: katika Bukhari imo kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyatenda akiwa mzima na mkaazi.

Hukuuliza, lakini najua litakusumbua: walioshonwa mara nyingi hutokwa na uteute mwingi, na pengine matone ya damu. Uteute usipokatika, wewe unajisafisha, unaweka pedi, na unatawadha kwa kila faradhi baada ya wakati wake kuingia, kisha unaswali na usijali kinachotoka baadaye. Matone yasiyotimiza mchana na usiku mmoja si hedhi, unaswali nayo. Yakizidi hapo, katika madhehebu yetu ya Shafi mjamzito anaweza kuhesabiwa ana hedhi kwa masharti yake, kwa hiyo unijulishe. Lakini hospitali kwanza. Damu katika hali yako si ya kukaa nyumbani ukiuliza hukumu.

Ramadhani, usifunge kwa kuwaonea haya watu wa nyumbani. Mtume amesema Mwenyezi Mungu amemwondolea mjamzito na mnyonyeshaji saumu. Daktari akiona kufunga kunaihatarisha mimba, unakula, na ikiwa hatari ni kubwa basi kula ni wajibu. Kwa Mashafi, ukiwa umekula kwa kujihofia nafsi yako, au nafsi yako pamoja na mtoto, utalipa siku zile tu. Ukiwa umekula kwa kumhofia mtoto peke yake, utalipa na utatoa kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji kwa kila siku, apewe masikini. Kwa maelezo yako naona wewe ni wa pili. Kulipa hakuna haraka: ukijifungua na ukanyonyesha, udhuru unaendelea.

Nimekuja kwa wanao wawili. Walikuwa wamepita miezi minne, muda ambao hadithi ya Ibn Mas'ud inasema roho hupulizwa. Mtoto wa umri huo huoshwa, huvishwa sanda na huzikwa. Akionyesha uhai, kwa sauti au kutikisika, husaliwa. Asipoonyesha, Mashafi hawamsalii, na Mahambali wanamsalia. Kama palikuwa na upungufu, hauko juu yako, ulikuwa umelala unatokwa na damu. Kuhusu majina, Imam Nawawi katika Al-Adhkar ameandika kuwa ni sunna mtoto aliyetoka kabla ya muda apewe jina, na kama haikujulikana ni wa kike au wa kiume apewe jina linalofaa wote wawili, akataja mifano kama Asma, Hind na Talha. Sioni kizuizi kuwapa leo. Kaeni wewe na mume wako, muwape majina. Na Mtume aliwaambia wanawake kwamba mama atakayetanguliza watoto watatu watakuwa kinga yake na Moto. Mwanamke mmoja akauliza: na wawili? Akasema: na wawili. Imo katika Bukhari na Muslim. Natarajia kwa Mola wetu kwamba nawe umo.

Na ikiwa huyu naye atawahi, asiitwe mkosi. Maulamaa tangu enzi za masahaba, kwa kuziunganisha aya za Luqman na Al-Ahqaf, walisema muda mfupi kuliko wote wa mimba ni miezi sita, kwa hiyo njiti ana haki zote za mtoto: jina, adhana, akika, urithi. Duniani mwaka 2020 walizaliwa watoto milioni 13.4 kabla ya wiki 37, na wengi wao wanaokolewa kwa mambo yasiyo na gharama kubwa. Sindano za kukomaza mapafu, ukiwahi kufika, zinamsaidia kabla hajatoka. Kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá mwaka 1978, kunampa joto, na baba naye anaweza kumbeba hivyo. Maziwa yako yakichelewa akanyonyeshwa na mwanamke mwingine, mjue jina lake na muandike, maana kunyonya mara tano kunamfanya mama yake.

Kadi ya kliniki na nauli viwe mahali pamoja. Ukiona maji yanavuja, damu, homa, uchafu wenye harufu, au tumbo linakaza na kuachia, nenda hospitali uliyoshonwa saa hiyo hiyo na useme mlangoni kwamba una mshono, kwa sababu uchungu ukianza uzi ni lazima ukatwe usije ukachana mlango. Yakikukuta ukiwa ndani ya swala ya faradhi, ikate. Hali hiyo haitangoja salamu. Utaiswali ukishafika mikononi mwa wauguzi, kwa hali yoyote utakayokuwa nayo.

Wallahu aalam.