Mtoto kavimba mitoki shingoni, bibi anataka achanjwe

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu wa kiume ana miaka 6, wiki ya pili sasa ana vinundu viwili shingoni kwa nyuma, nikivigusa vinateleza kama harage, mwenyewe anakula na anacheza tu. Bibi yake anasema ni mitoki, achanjwe na wembe damu mbaya itoke, jirani naye kaniambia huenda ni kansa, hapo ndo usingizi ukakata kabisa. Nifanyeje? Mama wa mtoto mmoja, Morogoro.

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Huo wembe naomba usimguse mtoto. Mtoki hauna damu mbaya, ni tezi, mwilini tunazo mamia, kazi yake kuchuja maji yanayotoka kwenye ngozi na nyama za jirani, vijidudu vikifika pale askari wa mwili wanapigana navyo na tezi inavimba. Ukiichanja unamwongezea kidonda na tatizo liko palepale.

Kwa hiyo ukiona mtoki, tafuta jirani yake. Wa kinena, angalia mguu na vidole, na kwa mtu mzima magonjwa ya zinaa pia. Wa kwapa, mkono na ziwa. Chini ya taya mara nyingi ni jino bovu au tonsesi. Nyuma ya shingo ni kichwani, na wewe kichwa cha mwanao hujanieleza kabisa! Mkalishe juani, mpekue nywele taratibu. Ukikuta duara lenye magamba meupe na nywele zimekatikia chini, hayo ni mapunye, na mapunye dawa ya kupaka peke yake haiyamalizi kwa sababu fangasi wako ndani ya mzizi wa nywele, inabidi anywe vidonge wiki 6 mpaka 8, dozi inapangwa kwa kilo zake, usijinunulie tu. Kagua na watoto wengine hapo nyumbani, mashine ya kinyozi na chanuo vinaambukiza.

Tezi ikishapigana hainywei kesho yake, inaweza kukaa wiki kadhaa ndo irudi, usiwe unaibonyezabonyeza kila saa.

Ila kuna moja ambayo naomba kila msomaji aielewe, TB ya tezi. Watu wengi wanajua TB ni kukohoa, kumbe inaingia hata kwenye mitoki ya shingo, haiumi, inakua polepole, zinashikana kama fungu, mwisho zinalainika zinapasuka na kutoa maji yasiyokauka. Mtu anafunika na mtandio miezi na miezi anadhani karogwa, jamani inauma sana kuona hivyo, kwa sababu kipimo ni kuchomwa sindano nyembamba wanyonye kidogo wakapime, na dawa ni miezi 6, dawa hizo hospitali za serikali huzitolei hela. Ikiwa kwenye tezi tu haiambukizi kwa hewa, usimtenge mtu vikombe, ila kifua kipimwe pia.

Mitoki ikivimba sehemu nyingi kwa pamoja, shingo, kwapa, kinena, na haipungui, pima VVU mapema. Kuhusu kansa, kwa mtoto anayecheza na vinundu laini vinavyoteleza, mara nyingi sana siyo. Inayotutia wasiwasi ni tezi ngumu kama jiwe, haisogei, inazidi kukua, au iliyotokea juu tu ya mtulinga, hiyo usiisubirie hata wiki, nenda. Ikiwa nyekundu, ya moto na inauma, hiyo inaweza kuwa na usaha, nayo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Wa kwako mpime kilo leo, andika kwenye daftari na tarehe, baada ya wiki mbili mpime tena. Zikishuka, au akianza homa za jioni na kulowa jasho usiku, au vinundu vimefika wiki 4 bila kupungua, mpeleke, na daftari lako ulibebe.