Kabla hatujachangia jeneza, tupimane presha

Mwaka juzi tulisafirisha mwili wa ndugu yetu mmoja kutoka hapa Baltimore, Marekani, kwenda Tanga. Ndani ya siku nne kundi la WhatsApp lilikuwa limeshakusanya zaidi ya dola 10,000. Walitoa mpaka watu ambao hatujawahi kuwaona sura. Kamati iliundwa usiku uleule, mweka hazina akapatikana, orodha ikawa inapandishwa kila baada ya muda mfupi: jina na kiasi, jina na kiasi. Kazi hiyo tunaijua. Kungekuwa na kombe la dunia la kuchangia misiba, tungelibeba kila mwaka.

Marehemu alikuwa na miaka 51. Kiharusi. Tulipokuwa tunafungasha vitu vyake tukakuta vidonge vya presha ndani ya kopo la majani ya chai, chupa mbili, moja haijafunguliwa. Kundi lina watu karibu mia mbili na hakuna aliyejua kwamba ana presha. Mkewe yuko Tanga, naye hakujua. Sote tumekua tukiambiwa kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na bado kopo la chai lilikuwa na kazi mbili.

Nimechelewa kuliandika jambo hili kwa sababu na mimi nilikuwa na langu la kuficha.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Wenzangu wa huku mnaelewa: ni kubeba boksi, ila boksi lenyewe ni binadamu wa kilo tisini anayetaka kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Wakati ule nilikuwa napiga dabo, zamu mbili mfululizo, siku nne kwa wiki, ada za wadogo zangu zikinisubiri nyumbani. Kichwa kiliniuma kisogoni kuanzia Ramadhani mpaka baridi ikaingia. Nikaenda kliniki. Presha nilipimwa nikiwa na sweta, mkono unaning'inia, huku naulizwa maswali ya bima. Namba sikutajiwa, na mimi sikuuliza. Daktari akasema nimechoka, nikalale. Kuchoka nilikuwa nimechoka kweli, kwa hiyo nikamwamini.

Kinachonichoma ni hiki: kila usiku nilikuwa nawapima presha wazee kumi na nne kwa mikono yangu hii. Mkono wangu mwenyewe sikuwahi kuufunga mkanda.

Nyumba za Baltimore zimepangana ukuta kwa ukuta, na nyingi za zamani zina ngazi za marumaru nyeupe mlangoni. Mtu wa pwani akiziona anajua mara moja kazi yake. Hicho ni kibaraza. Jirani yangu wa nyumba ya tatu, Mmarekani Mweusi wa miaka sabini na kitu ambaye mtaa mzima unamwita Auntie, anakitumia hivyohivyo. Kila Jumamosi asubuhi anakaa hapo na wanawake sita, saba, wamevaa raba, katikati yao mashine ya presha na daftari. Wanapimana, wanaandika, halafu wanaondoka pamoja kwenda kuzunguka ziwa la Druid Hill.

Miaka mitatu nilipita mbele yao nikitoka zamu. Nasalimia, naingia ndani, nafunga mlango. Niseme ukweli, nilikuwa na ile dharau yetu. Tukifika nchi hii tunafundishana haraka sana kwamba sisi na wao ni mbalimbali: sisi tumekuja kufanya kazi, tumesoma, tuna kwetu. Mwili haujasikia habari hiyo. Unakula kinachouzwa mtaani kwao, unalala saa wanazolala, unatazamwa dukani kama wanavyotazamwa, na miaka ikipita namba zako zinaanza kufanana na zao. Na zao si nzuri: zaidi ya nusu ya watu wazima Weusi wa Marekani wana presha ya juu.

Asubuhi moja Auntie aliniona ninavyoshika ukuta nikitafuta funguo. Akaniita nikae. Nikataka kumwambia nina usingizi, lakini kuna sauti za bibi ambazo hazijibiwi, iwe Pangani au Baltimore. Nikakaa. Mashine ikasoma 178 juu, 104 chini. Akasubiri, akapima tena: 174 kwa 102. Hakunihubiria. Aliandika jina langu kwenye daftari, amelikosea kama wote wanavyolikosea, akaandika tarehe na namba zote mbili. Kisha akamgeukia mwenzake mmoja akamwambia: Jumatatu utampeleka huyu kwa daktari, na uingie naye mpaka chumbani.

Hilo la kuingia chumbani niliona ni kunidhalilisha. Mimi mtu mzima, nafanya kazi ya afya, nashikwaje mkono? Nimelielewa baadaye. Watu hawa wana sababu za kuingia hospitali wawili wawili. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 serikali iliwaangalia wanaume Weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, ikawaacha hivyo hata baada ya penisilini kupatikana, mpaka magazeti yalipofichua mwaka 1972. Na hapahapa Baltimore, mwaka 1951, Henrietta Lacks alikufa kwa saratani ya shingo ya kizazi akiwa na miaka 31. Seli zake zilichukuliwa bila yeye kuulizwa, na maabara za dunia zinazikuza hadi leo. Ukimwambia mzee wa mtaani kwetu aende hospitali, hilo ndilo analolisikia nyuma ya maneno yako.

Kwa hiyo wamejifunza kulindana, na wamejifunza zamani. Miaka ya 1970 Black Panthers, chama cha wanaharakati Weusi ambao wengi tunawajua kwa bunduki na makoti meusi, walikuwa wanafungua zahanati za bure na kuwapima watu selimundu, yaani sikoseli. Auntie anazikumbuka kama mimi ninavyokumbuka kliniki za mama na mtoto chini ya mwembe.

Yule mwanamke aliyenisindikiza Jumatatu hakuongea sana. Daktari alipoanza kuniambia tena kuhusu kulala, yeye alifungua picha ya daftari kwenye simu, akamwonyesha namba mbili na tarehe, akamuuliza mpango wa matibabu ni upi. Nikatoka na dawa. Ushauri wangu wa kwanza, na kama huna muda wa kusoma mengine chukua huu: usiende peke yako. Nenda na mtu asiyeumwa siku hiyo. Akili yako itakuwa kwenye hofu, yake itakuwa kwenye maswali. Na daktari akikataa kukupima kitu unachohisi unakihitaji, mwombe kwa upole aandike kwenye faili lako kwamba uliomba na sababu ya kukataa ni ipi.

Dawa ya kwanza ilinipa kikohozi kikavu cha usiku kisichoisha. Nikaiacha kimyakimya. Ndiyo, mimi, ambaye naandika makala haya. Wiki tatu nikawa naogopa kibaraza, napitia uchochoro wa nyuma. Auntie akanikamata huko nyuma karibu na mapipa ya taka. Nilipomweleza akacheka mpaka akashika kiuno: kikohozi hicho kinajulikana, dawa za kundi lile huwa zinakileta kwa baadhi ya watu, na dawa za presha ziko za aina nyingi. Nilichotakiwa ni kurudi kubadilishiwa. Nilibadilishiwa, kikohozi kikaisha. Ningekuwa peke yangu ningeendelea kusema dawa za wazungu hazipatani na mimi, na ningekuwa na kopo langu la chai.

Baada ya ule msiba wa Tanga niliamua kuhamishia kibaraza kwetu. Nilianza vibaya. Nilituma kwenye kundi ujumbe mrefu kuhusu chumvi na mazoezi. Nikapata vidole gumba vinne na "Amin" moja. Hapo ndipo nilipoyaelewa matokeo ya utafiti mmoja uliofanyika Los Angeles na kuchapishwa 2018. Maduka ya kunyoa 52 na wateja wao 319, wanaume Weusi wenye presha ya juu. Kwa kundi moja, kinyozi aliwahimiza wateja kubadili maisha na kwenda kwa daktari. Kwa kundi la pili, mfamasia alikuja palepale kinyozini akapima na kuandika dawa. Baada ya miezi sita namba ya juu ilishuka kwa takriban 9 kwa wale waliohimizwa, na 27 kwa wale walioletewa dawa kwenye kiti. Mimi nilikuwa nafanya ile ya 9, tena bila hata kunyoa mtu.

Basi nikaacha kutuma ujumbe, nikaanza kubeba mashine. Ya kufunga mkono wa juu, dola arobaini hivi, siyo ile ya kifundo cha mkono. Nikaenda nayo kwenye arobaini, kwenye kitchen party, kwenye futari. Wanaume walinicheka: shemeji, umekuja na mashine, pilau iko wapi? Nikaweka sheria kwamba sahani inapitia kwangu. Wanne wa kwanza walikaa kwa utani. Wa tatu kati yao alikuwa na 190 kwa 118, na utani ukaisha.

Tuna kaunta buku letu sasa. Mambo mawili ninayoyasisitiza. Kwanza, hatusomi namba kwa sauti. Auntie na wenzake wanasomeana bila shida, lakini sisi tunajuana. Kesho yake ungesikia ukoo mzima Dodoma unaulizana. Kila mtu ana ukurasa wake, anayepima ni mmoja. Pili, kila anayemeza dawa ana mwenzake. Saa tatu usiku anamtumia neno moja tu: nimemeza. Lisipofika mpaka saa nne, mwenzake anapiga simu. Nimeshaendesha gari dakika arobaini kwa sababu ya neno hilo kutofika. Nikamkuta mtu amelala na simu iko kwenye chaji jikoni. Alikasirika. Bado anatuma.

Kupima kwenyewe wengi tunakosea. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano kwanza, nyayo zote mbili chini, usikunje nne. Mkono uwe wazi bila nguo, uegemezwe mezani usawa wa moyo. Kama umekunywa kahawa au umevuta sigara, subiri nusu saa. Nenda haja ndogo kabla. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unadanganya kwenda juu, kwa hiyo dada zangu wenye miili nunueni mkanda mkubwa. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Na usiongee. Kuongea kunapandisha namba, na hii ndiyo sheria ngumu kuliko zote. Ikisoma zaidi ya 180 kwa 120, tulia upime tena. Lakini kama una maumivu ya kifua, pumzi inakata, uso umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, usingoje kupima tena, piga 911, namba ya dharura ya huku. Usipigie kundi.

Chakula sitakirefusha. Samaki wa kukaanga wa mtaani kwetu wanaitwa lake trout, ingawa si trout na hawajatoka ziwani, na chumvi yao ni ya kutosha boti nzima. Lakini nasi tuna papa mkavu, achari na vile vipande vya Maggi vitatu kwenye sufuria moja. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ndicho kikomo cha mtu mzima kwa siku nzima, na hicho kinajumlisha mkate na kila kilichotoka kwenye kopo. Kitu nilichofurahia ni kwamba collard greens wanazopika Wamarekani Weusi ni sukuma wiki tu. Auntie hununua kwa muuza matunda anayepita na mkokoteni wa farasi, ndiyo, farasi, Baltimore bado wapo. Wao huziweka nyama ya kukaushwa kwa moshi. Mimi nikamwonyesha kitunguu, nyanya na ndimu. Akaonja, akasema zimekosa kitu. Akazimaliza.

Desemba hunialika kwenye Kwanzaa, sikukuu yao iliyoanzishwa 1966 ambayo maneno yake makuu ni ya Kiswahili. Usiku wa tatu ni wa Ujima. Mara ya kwanza niliziba mdomo nisicheke: kwangu mimi ujima ni ule mfumo wa kwenye somo la historia, watu wa kale wanawinda pamoja na kugawana nyama. Kwao ni kubeba matatizo ya mwenzako yawe yako. Aliniuliza kama anatamka sawa. Nikamwambia anatamka vizuri kuliko anavyotamka jina langu.

Jumamosi iliyopita nilitoka zamu nikamkuta yuko peke yake ngazini, wenzake hawajafika. Mashine iko miguuni, ukurasa wake wa wiki mbili hauna kitu. Betri zimekwisha, akasema. Nikaingia ndani nikaleta mpya. Mkanda una kasoro, akasema. Nikaleta wangu. Nikamkunja mkono wa sweta mpaka juu, nikauegemeza kwenye goti langu kwa sababu hakukuwa na meza, nikamwambia dakika tano bila neno hata moja. Akafungua mdomo kuniambia habari za muuza matunda. Nikaanza kuhesabu upya. Tulianza upya mara nne.